Shamba Moja, Ndugu Wawili: Windows na Linux katika Kompyuta Moja



Juma lililopita kijana mmoja wa kijiji chetu, mwanafunzi wa chuo, alinijia ofisini amebeba kompyuta yake, imefungwa vizuri ndani ya kitenge cha mama yake. Akasema, "Shikamoo kaka. Kompyuta hii ina Windows 10, nayo inakataa kupokea Windows 11. Wenzangu wananiambia nitie Linux. Lakini nina kazi za chuo ambazo sharti nizifanye kwa Windows. Je, yawezekana kuwa na zote mbili?"

Nikamjibu, yawezekana. Tena si jambo la wataalamu peke yao. Lakini nikamwambia kwamba siku ile hatutagusa kitu, na sababu yake nitawaeleza. Najua kwamba nyumba nyingi siku hizi zina kompyuta moja tu, iliyonunuliwa kwa magunia ya mahindi au kwa ng'ombe aliyeuzwa. Mali ya namna hiyo haichezewi. Basi leo tusemezane juu ya jambo hili polepole.

Kwanza, Linux ni nini? Kompyuta haiwezi kufanya kazi pasipo programu kuu inayoiongoza tangu inapowashwa hata inapozimwa. Windows ni programu kuu ya namna hiyo, nayo ni mali ya kampuni ya Microsoft. Linux ni nyingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Finland. Aliitoa bure, watu wa nchi nyingi wakaiongezea kazi zao, na hata leo hutolewa bure. Usidhani ni kitu kigeni kwako. Kama una simu ya Android mfukoni, ndani yake mna kiini cha Linux. Kwa kompyuta za nyumbani kuna aina nyingi. Ubuntu na Linux Mint ni mbili zinazomfaa anayeanza.

Pili, kwa nini watu wanauliza habari hii sasa? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10. Kompyuta haizimiki kwa hilo, lakini matundu yanayogunduliwa na wezi hayazibwi tena kama zamani. Windows 11 nayo inadai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakata kisicho cha zamani sana. Kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa hazina vitu hivyo. Mwenye kompyuta kama hiyo asikimbilie kuitupa. Linux Mint huridhika na kumbukumbu ya GB 4, na hata kwa GB 2 huenda, ingawa kwa kujikokota.

Sasa, nitawaeleza kwa mfano wa shamba. Diski ya kompyuta ni shamba moja la baba. Windows ni ndugu mkubwa, naye analilima lote. Ukitaka kumpa ndugu mdogo mahali, humfukuzi mkubwa. Unapima mpaka, unamwacha mkubwa upande wake, na mdogo unampa upande wa pili. Kisha penye lango la shamba unaweka bawabu. Kompyuta inapowashwa, bawabu anakuuliza, "Leo waenda kwa nani?" Bawabu huyo jina lake ni GRUB, naye huja pamoja na Linux. Ndugu hawa hawafanyi kazi saa moja. Huyu akiamka, yule amelala.

Mashamba hugombaniwa kwa mpaka uliopimwa vibaya, na kompyuta ni vivyo hivyo. Hapa sina budi kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniomba nimtilie Linux kando ya Windows yake. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mbili tu, nikajiona fundi. Nilifika kwenye swali moja katika kioo, lililouliza kama diski ifutwe yote. Mimi nilidhani inasemwa flashi niliyoichomeka. Nikakubali. Ndani ya dakika chache shamba lote la ndugu mkubwa lilikuwa limelimwa na kupandwa upya. Mlikuwamo picha za marehemu mke wake, na daftari la kumbukumbu alizokuwa akiziandika tangu alipoacha kazi. Nakala haikuwapo popote.

Nilikwenda kumwambia miguu ikitetemeka. Mzee hakunigombeza. Alikaa kimya kitambo, akasema, "Mwanangu, ungeniuliza tu kama nina nakala." Binti yake aliye mjini alikuwa na baadhi ya picha katika simu yake, akazileta. Lile daftari halikupatikana, na mzee hakulianza tena. Kila nipitapo mlangoni pake nalikumbuka.

Basi shikeni mambo haya kwa utaratibu wake, wala msiruke hata moja.

1. Nakala. Nakili picha, barua na kazi zako zote katika diski ya nje, au flashi ambayo hutaitumia kwa kazi hii. Kisha ichomeke katika kompyuta nyingine, ufungue mafaili machache uone kama yanafunguka kweli. Nakala usiyoijaribu usiihesabu kuwa nakala. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

2. Ufunguo. Kompyuta nyingi hufungwa kwa kufuli iitwayo BitLocker, na mara nyingi mwenyewe hana habari. Ukibadili mambo ya langoni, Windows yaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huwekwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Utafute mapema, uuandike katika karatasi, uiweke karatasi penye vyeti vyenu.

3. Usingizi. Windows huwa na tabia ya kutozimika kabisa. Hujilaza tu ili iamke upesi. Jambo hili huitwa Fast Startup. Ndugu mkubwa akilala namna hiyo, huwa bado ameshika jembe, na Linux haiwezi kuandika upande wake kwa usalama. Ingia katika mipango ya umeme ya Windows ulizime jambo hilo, kisha uizime kompyuta kabisa.

4. Mpaka. Upime kwa kutumia Windows yenyewe, maana ndugu mkubwa ndiye ajuaye vitu vyake vilipo. Fungua Disk Management, chagua sehemu C, kisha Shrink Volume. Linux Mint haikubali chini ya GB 20, lakini kwa kazi za kila siku afadhali GB 100 kama nafasi ipo. Sehemu uliyoipunguza iache tupu. Usiipe jina wala kuitengeneza.

5. Mbegu. Faili la Linux Mint lina GB 3 hivi, kwa hiyo tafuta mahali penye intaneti nzuri, usije ukamaliza fedha za vocha. Lichukue katika tovuti ya wenyewe, si kwa mtu usiyemjua. Utahitaji flashi ya GB 8, na programu kama Rufus ya kuliandika humo. Kila kilichomo katika flashi hiyo kitafutika.

6. Kuonja. Hili watu wengi hawalijui. Linux yaweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kugusa diski hata kidogo. Washa kompyuta huku ukibonyeza F12, au F2, au F9, au Esc, kwa kadiri ya mtengenezaji, uchague flashi. Kisha jaribu: Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inaonekana? Kama kitu kikataa hapa, afadhali ujue kabla ya kupanda kuliko baada ya kupanda.

7. Kupanda. Hakikisha betri imejaa na waya wa umeme umechomekwa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hii, hasara yake ni kubwa. Anza kuweka Linux, na kwenye swali la mahali chagua neno la kuiweka kando ya Windows, ambalo kwa Kiingereza lina neno "alongside". Neno "erase" ndilo lililoniponza mimi. Maana yake ni kufuta. Na kama huoni jina la Windows katika swali hilo, usibahatishe. Acha kazi, zima kompyuta, rudi katika jambo la tatu na la nne. Mpaka hapo hujaharibu kitu.

Kazi ikiisha utamwona bawabu langoni. Ukikaa kimya, baada ya muda mfupi atafungua Linux mwenyewe. Kama kompyuta yaenda moja kwa moja kwa Windows bila kuuliza, usiogope. Bawabu yupo ila hajapewa zamu. Ingia katika mipango ya mwanzo ya kompyuta uiweke Linux iwe ya kwanza.

Kuna mambo matatu yanayowasumbua watu baadaye. La kwanza ni saa. Utakuta Linux inasema saa nne asubuhi, nawe ukienda kwa Windows unaambiwa saa moja. Si uchawi. Saa iliyo ndani ya kompyuta, Windows huisoma kuwa ni ya mahali ulipo, lakini Linux huisoma kuwa ni saa ya dunia ya Greenwich, na sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Dawa yake ni kuandika amri moja katika Linux: timedatectl set-local-rtc 1.

La pili ni mafaili. Linux huweza kusoma upande wa Windows, lakini Windows kwa yenyewe haisomi upande wa Linux. Kwa hiyo kazi utakazozihitaji pande zote mbili ziweke upande wa Windows.

La tatu ni kujuta. Ukitaka kuiondoa Linux, usianze kwa kufuta sehemu yake. Kwanza irudishe Windows iwe ya kwanza langoni. Ukimfukuza bawabu kabla ya kumpata mwingine, waweza kukuta lango limefungwa nawe u nje.

Mtaniuliza, je, kila mtu afanye hivi? La. Mwenye kompyuta inayopokea Windows 11 bila taabu, na diski yake ni ndogo, akae alivyo. Na mwenye kazi ambazo zote zafanyika katika Linux hana haja ya kuweka ndugu wawili. Jambo hili lamfaa yule anayehitaji wote wawili, au anayetaka kujifunza mpya bila kuitupa ya zamani.

Yule kijana niliyemtaja alirudi kwao bila kuguswa kompyuta yake, amenuna kidogo. Akarudi baada ya siku tatu na nakala zake katika flashi ya kuazima. Tukazifungua moja moja katika kompyuta yangu. Faili la tano lilikataa kufunguka, lilinakiliwa nusu. Nalo lilikuwa insha yake ya mwisho ya chuo, kazi ya miezi minne.

Akanitazama, nami nikamtazama. Tukainakili upya, ikafunguka, ndipo tukaanza kupima mpaka.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.