Simba wa Kizimbani
Mtoto wa Chiwata, huku kwetu kusini, akibahatika kufika Dar es Salaam wakati wa maonyesho ya Sabasaba, humwona simba kizimbani: amelala ubavu, mkia ukifukuza nzi. Bibi zetu wanamjua mwingine kabisa. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563, na huku kusini, hasa kwa jirani zetu wa Lindi, ndiko tulikoumia sana. Simba hao walifuata nguruwe pori mashambani, wakamkuta mkulima dunguni, usiku, peke yake, akilinda mahindi dhidi ya nguruwe hao. Hilo mtoto haambiwi pale penye nondo. Ndugu zetu wa maliasili mnaomleta simba huyo, nawaombeni: pembeni mwa kizimba wekeni kibao kinachoeleza habari za nguruwe na dungu, kwa Kiswahili.