Muuaji Hazaliwi Muuaji

Mwandishi mmoja anadai vitabu vya mauaji ya kweli havina faida, kwani muuaji huzaliwa hivyo. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwandishi Truman Capote, katika kitabu chake In Cold Blood, alichunguza mauaji ya watu 4 wa familia ya Clutter huko Kansas, mwaka 1959. Wauaji, Perry Smith na Richard Hickock, walifuata tetesi za gerezani kwamba nyumbani kwa familia hiyo mna sefu iliyojaa fedha. Sefu haikuwamo, waliondoka na dola zisizofika 50, redio na darubini. Tamaa, uvumi, utoto wa Smith uliojaa vipigo: yote yanachunguzika. Kueleza si kutetea. Wote wawili walinyongwa mwaka 1965. Tukiishia kusema shetani kawapitia, tutaendelea kuzika watu.