Urefu haufundishiki. Lakini je, unadaka?



Nimekuwa kimya, kazi za gazeti zilinibana, nanyi mnajua maisha ya mwandishi wa mkoani. Leo nimerudi na jambo linalonikera tangu Jumamosi ya juzi. Nimeona nisipolisema hapa sitalisema kokote, maana gazetini nilishaliua kwa mikono yangu mwenyewe. Nitaeleza huko mbele.

Jumamosi hiyo nilikuwa hapa hapa Sumbawanga mjini, Majengo, kwenye majaribio ya vijana wa chini ya miaka 15. Walikuja walimu wawili kutoka kituo kimoja cha kukuza vipaji, jina naliweka kando. Vijana walikuwa wengi mno, wengine wametembea kutoka vijiji vya pembeni, viatu vya kuazima wamevining'iniza begani. Mnaoijua Sumbawanga mnaujua ubaridi wa asubuhi na ule upepo wa Ufipa unaokutupia vumbi machoni. Watoto wako na kaptula, wanatetemeka, lakini hakuna aliyetaka kuondoka.

Kabla mpira haujaguswa, mmoja wa wale walimu alitoa tepu ya fundi, akapima ukutani, akachora mstari wa chaki. Akatangaza: makipa wote na mabeki wa kati wapite hapa, ambaye kichwa chake hakifiki kwenye mstari akae pembeni. Basi. Haikuchukua hata robo saa, makipa wengi wakawa wamekaa chini, magoti kifuani, bila kudaka hata shuti moja.

Mmoja wao nilimkumbuka baadaye. Majaribio yalipoisha na majina yakasomwa, wale walioachwa wakaanza chandimu yao huku walimu wanafunga mizigo. Kijana huyu alisimama golini, mawe mawili ndiyo milingoti. Glovu hana. Ikaja krosi, akatoka kabla mpigaji hajainua mguu vizuri, akaupangua kwa ngumi. Ikaja shuti ya chini kulia, akawa ameshafika. Nilihesabu mashuti saba, akafungwa moja, tena limemgonga mwenzake likabadili njia. Nikageuka kumwita mwalimu aone. Gari lilikuwa limeshawashwa.

Nilimkimbilia, nikamgongea kioo. Nikamwambia, mwalimu, yule mdogo pale mbona anadaka? Akacheka, si kwa dharau, akanijibu neno ambalo limenikaa kichwani hadi leo: "Mwandishi, mpira nitamfundisha mtoto. Urefu nitautoa wapi?"

Nataka nimtendee haki mwalimu yule. Hoja yake si ya kijinga. Ana siku moja, ana watoto wengi, ana nafasi chache, na huko anakorudi ataulizwa kwa nini ameleta makipa wafupi. Na kweli urefu haufundishiki. Lakini ukiisikiliza vizuri hoja hiyo ina nusu ya pili ambayo haisemwi: kwamba yale mengine yote yanafundishika. Hapo ndipo nasema hapana.

Ushahidi wa kwanza ni mimi mwenyewe. Mlioniona mnajua nimerefuka kama mlingoti wa simu. Sekondari nilipangwa beki wa kati tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeniuliza kama naujua mpira. Mwalimu aliona kichwa kinazidi cha wenzangu, akanipa jezi namba 5. Nilikuwa garasa, jamani. Mpira wa juu ukija nilikuwa naruka wakati umeshapita. Miaka miwili nilifundishwa kusoma mpira unaanguka wapi, na sikufundishika. Benchi alikaa rafiki yangu mmoja mfupi aliyekuwa anajua kabla ya wote mpira utaangukia wapi. Yeye aliacha kucheza, mimi nikapata cheti cha UMISSETA. Hadi leo nikikutana naye namwangalia kwa aibu.

Ushahidi wa pili ni mkubwa zaidi na ni wa Mtanzania mwenzetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, ana urefu wa mita 2.21. Mwaka 2009 klabu za NBA zilipokaa kuchagua chipukizi, Memphis Grizzlies walimchukua akiwa chaguo la pili nchi nzima. Aliyemfuata kwenye namba tatu ni James Harden. Namba saba ni Stephen Curry, mtu ambaye walimu wengi walimwona mwembamba na mdogo kwa ligi ile. Harden na Curry wote walikuja kuwa wachezaji bora wa ligi. Thabeet alicheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2, na ilipofika mwaka 2014 safari yake ya NBA ikawa imekwisha.

Msinielewe vibaya. Sitaki kumsikia mtu anamkejeli Thabeet. Ni Mtanzania wa kwanza kufika kule, na chuoni Connecticut hakuwa mlingoti tu, alichaguliwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili. Kosa si lake. Ninachosema ni kuwa Wamarekani, kwa vipimo vyao vyote na fedha zao zote, waliangalia mita 2.21 wakajiambia maneno yale yale ya Majengo: mengine tutamfundisha. Hayakufundishika kwa kasi waliyoitaka, na mbele yao wakawapita watu waliokuwa na kile kisichopimwa kwa tepu.

Na hao Wamarekani ndio mabingwa wa kupima. Kwenye ule mpira wao wa mikono na kofia ngumu, kila mwaka wanakusanya vijana mjini Indianapolis wanawapima urefu, uzito, kiganja, mpaka mkono kutoka begani hadi ncha ya kidole. Wanaopimwa kwa ukali zaidi ni yale mabonge yanayosimama mbele kumkinga mrusha mpira. Kwa yule wa pembeni wana imani kwamba mkono ukipungua inchi 34 hapo kuna tatizo, adui atamfikia kwanza. Sasa kulikuwa na Joe Thomas, mikono yake haikufika hata inchi 33. Cleveland walimchukua mwaka 2007 wakiwa wameshamwona anavyocheza chuoni. Alicheza mfululizo matukio 10,363 bila kutoka uwanjani hata mara moja, na mwaka 2023 akaingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo wao. Miguu yake ilikuwa inafika mahali panapotakiwa kabla ya mikono kuhitajika.

Je, namaanisha vipimo havina maana? Hapana, na hapa naomba tuelewane, maana najua kuna wadau watanirukia. Joe Thomas huyo huyo ni pande la mtu, karibu mita mbili. Hakuna kijana wa kilo 60 atakayesimama pale akabaki mzima. Na goli la mpira wa miguu lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, halipunguzwi kwa kumhurumia mtu. Kwenye kona, kipa mrefu ana faida ambayo mfupi lazima ailipie kwa kitu kingine: kuruka mapema, kutoka mapema, kupiga kelele mabeki wake wajipange. Anayesema urefu si kitu hajawahi kukaa golini.

Ninachosema ni kwamba mfupi anaweza kuilipa deni hiyo, na huwezi kujua kama analipa mpaka umwone anacheza. Tunaye Juma Kaseja. Kwa viwango vya makipa, Kaseja si mrefu, na maneno juu ya kimo chake tumeyasikia tangu tukiwa shule ya msingi. Mwaka 2003 Simba walikwenda Cairo kucheza na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, wakawatoa kwa penalti. Golini alikuwa Kaseja, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajafika. Miaka 16 ikapita. Septemba 8, 2019, Dar es Salaam, Taifa Stars na Burundi wamefungana, wamekwenda kwenye penalti kutafuta kusonga mbele kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Nani yuko golini? Kaseja yule yule. Penalti zikaisha 3-0. Pale penye mita 11 na sekunde moja, kinachodaka ni jicho linalosoma nyonga ya mpigaji. Jicho halina sentimita.

Sasa jiulizeni: Kaseja angekuwa mtoto wa Majengo, mstari ule wa chaki ungempitisha?

Na hapa ndipo ninapofika kwenye kilichoninyima usingizi. Kupima urefu kwa watoto wa Rukwa si sawa na kupima urefu kwa watoto wa mahali pengine. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Rukwa wana udumavu, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34. Tuliongoza Tanzania. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta tumeshuka hadi asilimia 49.8, wakati nchi imefika asilimia 30. Piga hesabu ya miaka. Watoto waliokuwa chini ya miaka mitano mwaka ule wa 2015 ndio hao hao waliosimama na kaptula Jumamosi.

Huu ni mkoa unaolisha nchi mahindi. Msimu wa mavuno malori yanapanga foleni, maharage yapo, ulezi upo, samaki wanapanda kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Na bado mtoto anadumaa, kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri mpaka jioni, mtoto anashinda na uji mweupe wa mahindi, chakula kizuri kinakwenda sokoni kutafuta ada na mbolea. Zile siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, zikipita zimepita.

Kwa hiyo mwalimu anapochora mstari wa chaki Majengo, anadhani anapima kipa. Anapima uji. Anapima kama mama yake alipata mboga na yai akiwa mjamzito. Mtoto ameshaadhibiwa mara moja na chungu cha nyumbani, halafu anakuja uwanjani kuadhibiwa mara ya pili kwa kosa lile lile ambalo si lake.

Mwaka 2000 Barcelona walimpokea Lionel Messi, mtoto wa miaka 13 mwenye upungufu wa homoni ya kukua. Walimwangalia kwanza anacheza. Walipojua tatizo la kimo hawakumkata, walikubali kulipia matibabu. Sisemi kila mtoto wa Majengo ni Messi, wala udumavu hautibiki kwa sindano zile. Nasema utaratibu: jicho kwanza, tepu baadaye, na tepu iwe ya kumsaidia mtoto, isiwe ya kumfukuza.

Haigharimu kitu. Wacheze wote dakika ishirini ndipo wapimwe. Vipimo viandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, maana kuna wa miaka 14 aliyeshabalehe na wa miaka 14 ambaye bado, na anayeonekana mrefu leo anaweza kuwa wa kawaida baada ya miaka miwili. Na kama tunaupenda urefu kiasi hicho, basi tepu hiyo iende kliniki ya watoto, ikapime wa miezi sita, na akikutwa yuko nyuma mtu apige kelele siku hiyo hiyo. Kule tepu ina kazi ya maana. Kule bado kuna muda.

Sasa lile la kuungama. Jumamosi jioni nilituma habari gazetini. Aya nne. Vijana wamejitokeza kwa wingi, kadhaa wamechaguliwa, walimu wamesifu vipaji vya Rukwa. Mstari wa chaki sikuutaja, wala makipa waliokaa chini. Nilijiambia mhariri atakata tu, nafasi ni ndogo, na kesho nitawahitaji walimu wale kwa habari nyingine. Nami nikachora mstari wangu.

Yule kijana alinifuata nilipokuwa natoka. "Shikamoo braza. Wewe ni wa gazeti?" Nikamjibu ndiyo. Akaniuliza, bila hasira kabisa, kama watarudi mwakani, na mstari utakuwa pale pale. Agosti 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Namungo ilichezwa hapa Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela. Aliniambia aliiona akiwa mdogo, amebebwa mabegani na kaka yake, na tangu siku hiyo hataki namba nyingine zaidi ya golini.

Nilimwambia sijui. Kisha, najisikia vibaya kuliandika hili, nilijikuta nakiangalia kimo chake, nakisia atarefuka sentimita ngapi kufikia mwakani.

Nawasilisha.