"Nirudishie hela au nakuanika": Muuzaji wa mtandaoni afanye nini?

Chukulia wewe ni muuzaji wa magauni Machochwe, wilayani Serengeti. Huna fremu barabarani, duka lako ni simu. Unaposti picha kwenye stetasi ya WhatsApp na kwenye magrupu, mteja anakulipa kwa simu, mzigo unapanda bodaboda hadi Mugumu, kutoka hapo unaingia kwenye basi.

Saa mbili usiku inaingia meseji: "Gauni silitaki. Nirudishie elfu 35 yangu leo leo, la sivyo nakuanika kwenye magrupu yote kwamba wewe ni tapeli."

Unamwomba arudishe gauni kwanza. Anajibu kwamba ameshalivaa kwenye sendofu, na kwamba anakupa mpaka saa nne.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini wauzaji wengi wa mtandaoni wanaijua meseji ya namna hii. Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: wanatuma hela ili yaishe, au wanaingia kwenye matusi. Yote mawili yanaumiza biashara.

Njia nzuri ni kutenganisha vitu viwili ambavyo mteja amevifunga pamoja. Kuna malalamiko, na kuna tishio. Malalamiko yajibu kwa haki. Tishio usilinunue.

Kwa nini vitisho hivi vinapata nafasi

Kwenye masoko makubwa ya mtandaoni duniani kuna mtu wa katikati. eBay, kwa mfano, inakataza mnunuzi kumtishia muuzaji kwa maoni mabaya ili apewe kitu ambacho hakikuwa kwenye makubaliano. Mnunuzi akifanya hivyo, muuzaji ana pa kupeleka kesi yake.

Kwetu hali ni tofauti. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019. Biashara kubwa ya watu wa kawaida inafanyika WhatsApp, Instagram, Facebook na TikTok. Hela inatoka kwenye simu ya mnunuzi inaingia kwenye simu ya muuzaji moja kwa moja. Hakuna anayeishikilia mpaka mzigo ufike, na mkigombana hakuna refa.

Tuseme ukweli, mnunuzi naye ana sababu ya kuogopa. Nani hajawahi kupokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Utapeli ulizidi mpaka TCRA ikaweka namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli. Mtu aliyewahi kulipia simu akatumiwa boksi la sabuni hana imani tena na muuzaji asiyemjua.

Kwa hiyo silaha pekee aliyonayo mnunuzi ni mdomo wake. Mwingine anaitumia kwa haki, kuwaonya wenzake. Mwingine ameshagundua kwamba silaha hiyo hiyo inaweza kumpa gauni la bure.

Kijijini tishio hilo linauma zaidi. Muuzaji wa Dar akichafuliwa kwenye grupu moja, kuna magrupu mengine elfu. Wa Machochwe akichafuliwa, waliosoma ni majirani, shemeji zake, na mama anayemkopesha mtaji.

Piga hesabu ya kununua ukimya

Tuseme gauni ulilinunua 28,000 na kuliuza 35,000. Faida yako ni 7,000, na hapo hatujagusa nauli ya mzigo wala makato ya kutuma hela.

Ukirudisha 35,000 na gauni likabaki kwake, umepoteza ile 28,000 uliyonunulia. Ili kuirudisha unatakiwa uuze magauni mengine manne bila kula hata senti.

Na umenunua nini? Ahadi ya mtu ambaye leo amekutishia. Hakuna kinachomzuia kuposti kesho, au kumnong'oneza rafiki yake kwamba ukimbana yule dada analipa. Anayelipa tishio la kwanza anapanga bei ya tishio la pili.

Kwanza jiulize: kosa ni langu?

Kabla ya kukasirika, weka lile tishio pembeni. Soma meseji kana kwamba mteja ameandika kwa upole kabisa. Halafu jiulize maswali matatu.

Kwanza, je, mzigo uliofika ndio ule wa kwenye picha na maelezo? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ifanane na maelezo hayo. Kama ulisema kitenge original na umetuma kingine, kosa ni lako hata kama mteja ana mdomo mchafu.

Pili, je, ulimwambia masharti kabla hajalipa? Sharti linalotajwa baada ya ugomvi linaonekana kama ujanja.

Tatu, mzigo uko wapi na una hali gani? Gauni lililochanika mshono kabla ya kuvaliwa ni habari moja. Gauni lenye jasho la sendofu ni habari nyingine.

Kama kosa ni lako, rekebisha haraka. Badilisha au rudisha hela, na nauli ya kurudisha mzigo ibebe wewe. Hapo hujashindwa na tishio, umelipa deni.

Mjibu hivi

Usijibu papo hapo ukiwa na hasira. Kunywa maji, subiri nusu saa, kisha andika. Usipige simu, maana ya kwenye simu kesho kila mtu atayasimulia kivyake.

Mfano wa jibu: "Habari za jioni dada, pole kwa usumbufu. Naomba picha mbili zinazoonyesha tatizo la gauni. Kama kosa ni letu, ukilirudisha tunabadilisha au tunakurudishia hela yako yote, na nauli ni juu yetu. Kama limeshavaliwa na halina kasoro, hatutaweza kurudisha hela, kama tulivyokuandikia tarehe uliyolipa. Uandike kwenye grupu au usiandike, haki yako ni ile ile."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Inamwambia kwamba tishio haliongezi kitu wala halipunguzi kitu. Hujamkataza kusema, hujamtukana, na hujamwomba akufichie.

Kama mteja ni mtu mzima kwako, andika "shikamoo mama" kama ungekutana naye sokoni. Kama ni kijana mwenzako wa Kikurya na mmezoea kuitana "mura", sawa, ila masharti yaandike vizuri yasomeke. Heshima hapa ina faida pia: meseji hiyo inaweza kuposti­wa, na ikipostiwa iwe inakutetea.

Jambo lingine dogo lakini kubwa: ukirudisha hela, irudishe kwenye namba ile ile iliyolipa. Ukiambiwa "tuma kwa mdogo wangu", kataa. Kesho aliyelipa anaweza kusema hajapokea kitu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inafanya kuwa kosa kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Sasa usikimbilie kumrushia kila mteja kifungu hicho. Mtu aliyeuziwa kitu kibovu akasema "nitawaambia wenzangu" anatumia haki yake. Mwenye tatizo ni yule anayetunga uongo, au anayedai kitu asichostahili na kutumia jina lako kama mateka. Muuzaji anayewatisha wateja wakweli kwa polisi anafanya kile kile anachokilalamikia.

Kitu muhimu zaidi kwako ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya mwaka 2015, inakubali ujumbe wa kielektroniki kutumika kama ushahidi mahakamani. Ila skrinishoti peke yake ni rahisi kuchezewa. Usifute chati yenyewe. Tunza meseji ya muamala, picha ya mzigo kabla haujafungwa, na risiti ya basi.

Na usilipize kisasi kwa kuposti namba ya simu na picha ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kazi. Unaweza kuanza ukiwa mlalamikaji, ukamaliza ukiwa mlalamikiwa.

Kwa gauni la 35,000 wachache wataenda polisi, na inaeleweka. Lakini mtu akirudia rudia, akitishia kukudhuru, au akisambaza uongo unaoua biashara yako, nenda kituoni na simu yako yenye chati zote.

Wenye kambi na waongoza watalii pia

Machochwe iko jirani na Hifadhi ya Serengeti, na wapo watu wa ukanda huu wanaoishi kwa utalii. Kwao tishio linakuja kwa namna nyingine: mgeni amelala siku mbili, amekula, ameona nyumbu, halafu anasema arudishiwe nusu ya hela au anaweka nyota moja.

Huku angalau refa yupo. Airbnb inakataza mgeni kutumia maoni kama fimbo ya kudai hela. TripAdvisor inampa mwenye biashara njia ya kuripoti tishio la namna hiyo kabla maoni hayajawekwa, na hapo ndipo wengi wanapochelewa. Wanasubiri nyota moja ionekane ndipo waanze kulalamika.

Kwa hiyo mgeni akitishia kwa mdomo, mwandikie siku hiyo hiyo kwa upole kupitia mfumo wa meseji wa jukwaa alilotumia kulipia: "Ulituambia hivi, sisi tumejibu hivi." Kisha ripoti kabla hajafika uwanja wa ndege.

Akiposti kweli je?

Jibu mara moja tu. Usimwandikie yeye, waandikie wanaosoma: "Mteja alipokea gauni siku ya Jumanne, akalivaa, kisha akaomba hela yote bila kurudisha gauni. Tulimwomba picha ya kasoro, hatujaipata. Akileta gauni lenye kasoro, hela yake ipo." Halafu nyamaza.

Usitume ndugu na marafiki wakamshambulie kwenye komenti. Watu wakiona matusi husahau nani alianza. Na usinunue sifa za uongo kufunika lile la ukweli, wateja wananusa haraka.

Kama ni grupu la kijiji, mtumie admini ushahidi wako na umwombe auweke pamoja na lalamiko, badala ya kumwomba alifute. Kama mteja anaishi jirani, kaeni mkutane mbele ya mtu mnayemheshimu wote, hata mwenyekiti wa kitongoji. Mambo mengi yanayowaka kwenye simu yanazimika watu wakikaa kwenye benchi moja.

Kumbuka pia kwamba lalamiko moja haliui duka lenye wateja kumi wanaolijua. Kinachoua ni lalamiko la kweli lisilojibiwa.

Weka kinga kabla ya mvua

Haya yanafanyika kabla hela haijaingia, na hayagharimu kitu:

1. Andika masharti mafupi na umtumie kila mteja kabla hajalipa: siku ngapi za kurudisha, mzigo uwe na hali gani, nauli ni ya nani. Mwombe ajibu "nimekubali".

2. Piga picha za kweli za mzigo ulionao, zenye mwanga wa mchana. Picha ya kudokoa mtandaoni ndiyo mama wa ugomvi. Kama nguo ina doa, lionyeshe.

3. Ukipokea hela, andika: "Nimepokea 35,000 kwa gauni la kijani, saizi 14, mkono mrefu." Sentensi hiyo moja inafunga mdomo wa ubishi mwingi.

4. Piga video fupi ukifunga mzigo. Mwambie na mteja apige video akiufungua.

5. Mteja akiridhika, mwombe aandike maneno mawili siku hiyo hiyo. Jina jema linajengwa kabla ya siku ya kulihitaji.

Mpaka tupate njia ya kawaida ya kushikilia hela hadi mzigo ufike, muuzaji mdogo atabaki kuwa karani wa duka lake na refa wa ugomvi wake. Ni kazi ngumu. Lakini refa anayeaminika ni yule ambaye filimbi yake haibadiliki kwa sababu mtu amepiga kelele jukwaani.

Basi mteja wako wa saa mbili usiku anasubiri jibu. Mwombe picha, mtumie masharti aliyoyakubali, mtakie usiku mwema. Hela ya gauni lililovaliwa, iache ilale kwenye simu yako.