Bibi Harusi wa Kitendaguro na Mabingwa wa Barafuni



Leo hatuzungumzii singo wala michoro ya hina. Leo tuna la moyoni, na tutalisema hata kama baadhi ya mama zetu watatununia.

Siku chache baada ya Idi Kubwa ya mwaka 2025 tulitoka Unguja kwenda Bukoba, kwenye harusi ya rafiki yetu. Boti hadi Dar es Salaam, halafu basi, safari ya kuchoka mpaka mifupa. Kwao ni Kitendaguro, nyumba imezungukwa na migomba, na tulipokewa kwa heshima ya kule: tuliwekewa kahawa ya kutafuna kabla hatujakaa vizuri. Usiku wa hina tulikuwa wanawake watupu ndani. Mdogo wake bibi harusi akatuonesha video kwenye simu: wasichana wenye kofia ngumu, hijabu chini yake, magongo mkononi, wanateleza juu ya barafu kama samaki majini. Ilikuwa timu ya wanawake ya Iran, ambayo siku chache nyuma ilitwaa Kombe la Asia na Oceania la mpira wa magongo wa barafuni kule Al Ain, Falme za Kiarabu.

Kwanza tulicheka. Kitendaguro, kama Unguja, barafu tunayoijua ni ile ya kwenye kifuko, mtoto anang'ata pembe na kufyonza. Nani angedhani mtu anaweza kusimama juu yake akafunga bao?

Kisha shangazi mmoja akasema, bila hata kuinua sauti: "Hao hawana waume. Wewe mwanangu kuanzia kesho mpira basi. Mke wa mtu harukiruki uwanjani."

Bibi harusi wetu amecheza mpira wa pete tangu shule ya msingi. Aliichezea shule yake kwenye UMISSETA, na mpaka wiki ile alikuwa akicheza na wenzake wa mtaani kila Jumamosi. Alikuwa ameinua mikono, hina haijakauka. Hakujibu. Aliitazama ile mikono tu, na machozi yalipomtoka hakuweza hata kuyafuta.

Jamani, tumekaa na machozi yale mpaka leo. Tunauliza: nani kaleta sheria hii? Imeandikwa wapi?

Tuzichukue sababu tunazoambiwa, moja baada ya moja.

Ya kwanza ni stara. Tunaambiwa michezo inamvua mwanamke nguo. Sasa mtazame mchezaji wa barafuni. Kofia ngumu kichwani, na kwenye mashindano ya kimataifa ya wanawake wavu wa kukinga uso wote ni lazima. Mabegani pedi, viwikoni pedi, glavu nene mikononi, suruali pana yenye pedi, jezi kubwa juu ya vyote. Kwa vazi lile hata mama yake mzazi angemtambua kwa namba ya mgongoni tu. Kuna mashungi ya harusini kwetu yenye stara ndogo kuliko hiyo, na hakuna shangazi anayesema kitu.

Tunajua mtu atasema kwamba Iran hijabu ni amri ya dola, mwanamke hana hiari. Ni kweli, na hatuwasifu watawala hapa. Basi mchukueni Fatima Al Ali wa Falme za Kiarabu. Alianza kwa kupiga picha za mechi, akatamani, akavaa viatu vya kuteleza akiwa mtu mzima. Februari 2017 timu kubwa ya Marekani, Washington Capitals, ilimwalika, akaingia barafuni mbele ya ulimwengu na hijabu yake. Hakuvua kitu na hakupungukiwa kitu.

Ya pili, "hayo mambo ya Wazungu." Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari, kuna kiwanja cha barafu tangu mwaka 2005. Ni kidogo kuliko vipimo vya kimataifa, lakini vijana wa Kenya, wakiwemo wasichana, wamejifunzia hapo, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Nairobi si Ulaya. Na wale wa Iran walipoingia kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya bara lao, Bangkok mwaka 2023, walirudi na nafasi ya pili. Miaka miwili baadaye, ubingwa. Timu changa, nchi inayojulikana zaidi kwa jangwa kuliko barafu.

Ya tatu husemwa kwa kunong'ona, na kwa kuwa humu ndani tupo wanawake tutaisema: "Michezo itamharibu msichana, usiku wa harusi mume ataona nini?" Dada zetu, mangapi tumeyavumilia kwa jina la shuka jeupe! Bikra haipimwi kwa damu. Wako wasiotoka damu na hawajaguswa na mwanamume. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya bikra vikomeshwe, kwa sababu hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha jambo hilo. Na dini yetu ina neno zito kwa anayemsingizia mwanamke mwema. Anayemshuku binti kwa sababu alikimbia uwanjani ajihesabu yuko wapi.

Ya nne tunaiheshimu: wanaume kukaa kuwatazama wanawake wakicheza. Hapa wanazuoni wana masharti yao na sisi hatuji kuwafundisha. Lakini jawabu la tatizo hilo ni kutafuta saa ya wanawake, uwanja wenye uzio, mwalimu mwanamke. Mbona tukitaka ukumbi wa harusi wa wanawake peke yao tunaupata, na mlangoni tunaweka mtu wa kukusanya simu? Tunaweza kuyapanga hayo kwa taarabu ya usiku mmoja, tukashindwa kwa saa mbili za Jumamosi?

Zikiisha sababu hizo nne, tunachobaki nacho ni "watu watasema nini." Hiyo si dini. Dini inatuambia kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (RA). Mara ya kwanza bibi alimshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda yeye, wakataniana kwamba sasa wako sawasawa. Huyo ni mke wa mtu, tena mke wa nani! Na Bi Nusayba (RA) siku ya Uhud alikuwa mke na mama aliposimama kumkinga Mtume kwa mwili wake. Shangazi zetu wanawajua wanawake hawa, majina yao tumewapa binti zetu.

Tusiwaonee shangazi peke yao. Kuna wengine upande wa pili wanaotufanyia vilevile kwa maneno ya kisasa. FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014 tu, na mpira wa kikapu wa kimataifa ulingoja mpaka 2017. Mwaka 2024 Ufaransa iliwakatazia wanamichezo wake wenyewe kuvaa hijabu kwenye Olimpiki ya Paris. Shangazi anasema, ukiwa na stara acha mpira. Ufaransa inasema, ukitaka mpira acha stara. Wanabishana wao kwa wao, kumbe wamekubaliana kwamba sisi hatuwezi kuwa na vyote viwili. Nouhaila Benzina wa Morocco aliwajibu wote mwaka 2023 alipocheza Kombe la Dunia la Wanawake na hijabu yake, wa kwanza kufanya hivyo.

Na tuseme la afya, maana harusini hatulisemi. Tunamsugua biharusi singo na liwa mwezi mzima, tunamfukiza udi, tunamlainisha kama hariri. Baada ya nikahi tunamkalisha. Chai ya maziwa, maandazi, pilau, halua, kisha uzazi wa kwanza na wa pili, na akifika arobaini sukari na presha vimeshagonga hodi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Saa mbili za pete Jumamosi ni hatua nzuri kuelekea huko. Mwili huu tunaoupamba ni amana, na amana haitunzwi kwa kupakwa tu.

Sasa mabibi harusi watarajiwa, hili ni lenu. Nikahi ni mkataba, na mkataba una masharti. Mtume (SAW) alisisitiza kwamba masharti ya ndoa ndiyo yenye haki zaidi ya kutimizwa. Kama unacheza, unasoma, unafanya kazi, liseme kwenye posa, mbele ya walii wako, kwa adabu na kwa uwazi. Muulize mwenzako ana maoni gani. Akikataa, mnajadiliana mapema au kila mtu anashika njia yake kwa heri. Sharti linaloletwa usiku wa hina, kupitia mdomo wa mtu mwingine, wakati kadi zimeshagawiwa na mchele umeshapikwa, huo ni mtego.

Mtataka kujua yaliyotokea Kitendaguro. Asubuhi, kabla ya nikahi, mmoja wetu alimwendea kaka wa bibi harusi, na kaka akampigia simu bwana harusi kumuuliza kuhusu mpira. Bwana harusi alishangaa. Hajawahi kumtuma mtu. Alijua mkewe mtarajiwa anacheza pete, na alichotaka kuuliza yeye ni saa ngapi Jumamosi amfuate uwanjani, kwani barabara ya kupanda kwao ikinyesha haifai kwa miguu.

Basi sheria ile haikuwa na mwenyewe! Si ya Mungu, si ya mume. Ilipita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka ikamliza binti wa watu usiku wa furaha yake. Ngapi nyingine za namna hiyo tunazitii bila kumuuliza mhusika?

Shangazi tunampenda, na tulimuaga kwa kumbusu mkono. Lakini tumemwambia, na tunawaambia nyote: msimkatazie binti kwa jina la dini jambo ambalo hamjamuuliza shehe, wala kwa jina la mume jambo ambalo hamjamuuliza mume. Mkiogopa maneno ya watu, semeni mnaogopa maneno ya watu.

Allah awape maarusi wetu wa Kitendaguro mapenzi na huruma, na awajaalie dada zetu afya, stara na furaha, vyote pamoja. Amin.