Seva ya redio si mahali pa kujaribia fasheni

Wasikilizaji wetu wa Walungu, pamoja na ninyi familia muliohama makwenu, munatuuliza kwa nini jioni mbili zilipita bila matangazo ya watu wanaotafutana. Munastahili jibu. Hakuna aliyetuzima. Tulijizima wenyewe, kwa sababu ya namna programu zilivyowekwa kwenye seva, yaani ile kompyuta inayotunza vipindi na kuvipiga usiku na mchana.

Fundi aliyetusaidia aliweka kila programu ndani ya kontena. Si lile kontena la chuma la bandarini. Ni sanduku lenye programu pamoja na vyote inavyohitaji ili ifanye kazi. Ni kama mgeni anayefika kwako na jiko lake, makala yake, chungu chake na maji yake. Njia ya pili ni vifurushi vya mfumo wenyewe, kama vile vya Debian: programu zote zinapika kwenye jiko moja la nyumba. Ninasema bila kuficha: kwa redio ya huku kwetu, jiko moja linatosha.

Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ndiyo iliyoeneza kontena duniani. Penye umeme usiokatika na intaneti isiyohesabiwa, sawa. Hapa tunanunua mega, na pesa zinatoka kwenye michango yenu. Sanduku moja linaweza kufika mamia ya megabaiti, na toleo jipya likitoka, sehemu kubwa inashushwa tena. Icecast, programu inayorusha sauti kwenye intaneti, kama kifurushi cha Debian ni megabaiti chache tu.

Ndivyo tulivyoanguka. Diski ilijaa, tukafuta sanduku la zamani ili kupata nafasi, tukaanza kushusha jipya. Mega zikaisha katikati, umeme nao ukakatika. Kufuta lilikuwa kosa letu, sikatai. Lakini njia inayodai mega nyingi kila mara inakaribisha kosa la namna hiyo. Siku hizo mtangazaji alisoma majina mara moja tu asubuhi. Mama aliyekuwa shambani au sokoni Mugogo hakusikia, na marudio ya jioni hayakuwepo.

Kuna pia usalama. Aprili 2014 tundu la Heartbleed lilipotangazwa ndani ya OpenSSL, mwenye vifurushi alibadilisha kimoja, akawasha programu upya, zote zikapona. Kwa kontena, kila sanduku lenye nakala yake ya OpenSSL linapaswa kutengenezwa upya na kushushwa upya. Nani atayahesabu masanduku yote hayo, fundi akiwa amesharudi mjini?

Wapenzi wa kontena watasema: mukilazimika kukimbia, munabeba sanduku na kwenda. Tangu M23 ilipoingia Bukavu Februari 2025, hakuna hapa anayeweza kulicheka neno hilo. Lakini programu zinapatikana tena popote. Kisichopatikana tena ni sauti zenu, orodha za majina na mipangilio ya redio. Hivyo ndivyo vya kunakiliwa kila jioni kwenye diski ya nje, uwe na kontena au usiwe nayo. Vifurushi navyo vinaweza kushushwa mjini na kuletwa kwa flashi.

Watasema pia kwamba AzuraCast, programu ya kuendesha redio, inapendekezwa na watengenezaji wake iwekwe kwa Docker. Basi tuiache. Icecast na Liquidsoap zimo ndani ya Debian, na kwa kurusha sauti na kupanga nyimbo zinatutosha.

Ninyi wafadhili na mafundi, karibuni, tunawahitaji. Ila kabla ya kuweka chochote, tujibuni maswali matatu. Kitakula mega ngapi kwa mwezi? Umeme ukikatika usiku, kitawaka chenyewe? Mukiondoka, nani hapa Walungu ataweza kukitengeneza? Asiye na majibu asiguse seva yetu.

Na ninyi wa klabu za wasikilizaji, ulizeni maswali hayo hayo kwenye mkutano wa redio. Musione haya kwamba hamujui kompyuta. Munajua bei ya mega, na munajua uchungu wa kungoja jina la mtoto ambalo halikusomwa.