Skrini Sita, Paa Linavuja

Wacha niseme hii mapema kabla madere hawajajaa kwa comments: nganya inayovuja si nganya. Ni ndoo yenye magurudumu. Na ndoo ukiichora sura ya Messi, bado ni ndoo.

Mvua za masika huja Machi hadi Mei. Zile fupi, Oktoba hadi Disemba. Hiyo ni nusu ya mwaka, na kalenda haijawahi kuficha. Lakini kila msimu ni stori ileile. Unapanda mat ya Kawangware ama Kangemi hapo tao, nauli imeruka kutoka hamsini hadi soo, kiti cha dirishani kimeloa, mtu amefungua mwavuli NDANI ya gari, halafu konda anakwambia, "Songa hapo kando, siz, ni mvua tu."

Ni mvua tu? Mvua ni ya nje, boss. Paa liliwekwa kwa sababu hiyo moja.

Na usiniambie ni kitu kidogo. Kuna msee anaenda intavyu Upper Hill na shati moja ya maana aliyo nayo. Kuna dem amebeba laptopu anayoilipia pole pole. Kuna mathe ametoka Gikomba na mzigo wa mitumba, na nguo ikiloa na kunuka, mteja wa Kangemi hanunui. Hao ndio wanalipia hilo tundu. Wanalipa nauli ya mvua, halafu wanalipa mvua yenyewe.

Mimi niliacha chuo na sijawahi kusomea uinjinia. Ndio maana nilienda kukaa na fundi wa bodi siku nzima nikiuliza maswali. Nilichotoka nacho ni hiki: gari halivuji kwa sababu limezeeka. Linavuja kwa sababu mtu alilitoboa, halafu hakuna aliyeziba vizuri.

Fikiria vile mat hujengwa. Chasi inakuja, halafu bodi inaundwa hapa hapa: fremu ya chuma, mabati juu, na kila mahali bati mbili zinakutana kunawekwa kizibo. Hapo juu kuna kile kifuniko cha kufungua, cha hewa na cha dharura, kimezungushiwa raba. Gari likitoka hapo liko sawa. Shida inaanza likipelekwa kupambwa. Taa za juu, matundu. Keria, matundu. Nyaya za spika, matundu. Kila skrubu ni mlango wa maji. Halafu barabara zetu zinaitingisha hiyo bodi kutwa, jua linaitanua, usiku unaipunguza, na kizibo kilichokauka kinapasuka. Ile raba ya kifuniko nayo imelala, imekuwa ngumu kama ndala ya zamani, na kifuniko chenyewe kimefungwa na kamba.

Sasa dawa ya wengi ni gani? Silikoni. Fundi anapanda juu, anapaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani, juu ya vumbi, juu ya kutu, analipwa, anashuka. Wiki mbili, maji yamerudi. Yatakosaje? Silikoni mpya haishiki vizuri kwa silikoni ya zamani. Na ile ya bei ya chini inayonuka kama siki hutoa asidi ikikauka, na asidi hiyo inakula chuma. Yaani unalipa mtu akuongezee kutu.

Dawa ya ukweli haina siri. Kwanza tafuta maji yanaingilia wapi, kwa sababu yanapodondokea sipo yanapoingilia. Yanaweza kuingia juu ya dere, yatembee ndani ya dari, yaangukie msee wa kiti cha nyuma. Watu wawili: mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Anza chini, panda pole pole, kila sehemu dakika kadhaa. Usitumie mashine ya carwash, hiyo presha inasukuma maji hata kwa raba nzima na utadanganyika. Ukipata tundu, kwangua kizibo cha zamani chote hadi kwa bati, ondoa kutu, safisha, kausha, paka praima, halafu weka kizibo cha poliurethani, kile kinabaki laini na kucheza na bodi. Kifuniko cha juu, paka raba chaki, funga, fungua. Pale chaki haijaacha alama kwa chuma, raba haigusi. Badilisha raba, kaza bawaba. Zibua mifereji ya kutoa maji. Kwisha.

Ni kazi ya siku moja ama mbili. Ukilinganisha na bei ya skrini sita, hiyo ni chenji.

Na hii si shida ya mat peke yake. Jeep Wrangler za Lavington zina paa la vipande vinavyotolewa, na mahali vipande vinakutana hapo hapo ndipo maji hupenda kupita. Ugonjwa ni mmoja: raba iliyochoka na kipande hakijakaa sawa. Tofauti ni kwamba ya Lavington ikidondosha tone moja kwa kiti cha ngozi, kesho iko gereji. Ya Kawangware imebeba watu thelathini na tatu kila trip, na inaambiwa ingoje jua.

Najua mtasema dere na konda si wenye gari. Ukweli. Wanasaka pesa ya mdosi ya kila siku, na mdosi hajakaa kiti cha nyuma tangu anunue hilo gari. Kwa hivyo naongea na mdosi: ulipata pesa ya subwoofer. Hayo maji unayoyapuuza yanashuka kwa nyaya zilizofungwa na selotepu, nyuma ya amplifaya, karibu na watu. Siku itashika moto utaita hiyo ajali?

Pia kuna wale wa "Kenya ndivyo ilivyo." Hapana. Februari 2004 sheria za Michuki zilianza kufanya kazi: mikanda, vidhibiti mwendo, hakuna kusimama ndani. Wenye magari walilia, wasafiri wakatembea kwa miguu siku kadhaa, halafu mikanda ikawekwa. Gari la abiria hukaguliwa kila mwaka. NTSA, leteni mpira wa maji kwa huo ukaguzi. Dakika kumi juu ya paa. Likivuja, lirudi kwa fundi.

Na sisi abiria tuache kuwa wapole. Kabla ulipe, gusa kiti, angalia dari. Kama inavuja, shuka, panda ya nyuma. Kama ni lazima upande, piga video, onyesha jina la gari, peleka kwa Sacco yake. Tunazisifu nganya kwa TikTok bure kila siku, kwa hivyo tunaweza pia kuziaibisha bure.

Msimu wa jua ndio wakati wa kuziba paa. Kama umesoma hii kukiwa kukavu, tag mdosi mmoja sasa.